Samaki kajeruhiwa au anaumwa? Msome mwili kabla ya kufungua dawa

Unawasha taa ya tangi asubuhi, unaona samaki mmoja ana doa jeupe ubavuni ambalo jana halikuwepo. Yanayofuata tunayajua wote. Picha inarushwa kwenye kundi la WhatsApp, watu watano wanataja magonjwa matano, muuza samaki anasema huo ukungu, na jioni chupa ya dawa ya buluu imeshamiminwa tangini. Baada ya siku mbili amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, imepanda, kwa sababu dawa imewaua bakteria waliokuwa wakisafisha maji ndani ya filta, na sasa samaki wote wako juu wanahema. Yule wa kwanza alikuwa ameng'atwa tu. Angepewa maji safi na utulivu, angepona mwenyewe.

Kosa la upande wa pili lipo, na hilo huua haraka zaidi. Mtu anaona weupe mdomoni mwa samaki, anasema hawa walipigana jana, kitaisha chenyewe. Keshokutwa anatoa maiti nne.

Kabla ya yote, pima maji. Amonia na naitraiti (hatua ya kwanza bakteria wanapoivunja amonia) ziwe sifuri, naitreti (hatua ya mwisho) isizidi miligramu 40 kwa lita. Amonia ikionekana kwenye kipimo, acha habari ya jeraha na ugonjwa, badilisha nusu ya maji kwanza. Matamvua mekundu, mistari myekundu kwenye mapezi, ute mwingi mwilini na samaki kujisugua, yote hayo amonia huyafanya bila mdudu wowote kuwepo. Wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa wawe wakali zaidi hapa, maana maji ya samaki hao yana pH ya juu (pH ni kipimo cha uchachu wa maji; 7 ni katikati). Kwenye maji ya pH 7 na nyuzijoto 25, sehemu ya amonia iliyo na sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 inakuwa kama 5, na kwenye pH 9 inapita 35. Kipimo kile kile ambacho tangi la samaki dhahabu lingekivumilia siku mbili tatu kinaweza kuunguza matamvua ya Tropheus, samaki wa Tanganyika, mchana mmoja.

Maji yakiwa safi na samaki bado ana doa, sasa msome.

Hesabu magamba

Jeraha hutokea mara moja. Kuanzia dakika hiyo mwili una kazi moja, kulifunga, kwa hiyo jeraha hukaa pale pale na kupungua. Ugonjwa hutembea: huongezeka, huhamia sehemu nyingine ya mwili, au huruka kwa samaki mwingine. Ukiweza kupima mwendo huo umeshajibu zaidi ya nusu ya swali, na rula unayo: magamba ya samaki mwenyewe.

Zima taa za chumba, acha ya tangi tu. Shika simu sambamba na kioo, subiri samaki akupe ubavu, piga bila flashi maana kioo kitairudisha. Kuza picha, kisha hesabu doa limefunika magamba mangapi kwa urefu na mangapi kwa kimo. Andika. Rudia baada ya saa 12, saa 24 na saa 48. Magamba manne asubuhi, manne jioni, matatu kesho yake: hilo ni jeraha linalofunga. Manne asubuhi na saba jioni: futa neno jeraha kichwani. Kukadiria kwa macho hakusaidii, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi huona doa limekua kila anapopita karibu na tangi.

Subira hii ya siku mbili ni ya samaki anayekula, anayeogelea na wenzake, na ambaye kidonda chake kiko bapa. Kuna dalili ambazo hazisubiri hata saa 12: weupe unaopanuka kati ya mlo mmoja na mwingine, kuhema juu ya maji huku vipimo viko safi, mistari ya damu ikienea kwenye mapezi na tumboni, na magamba kusimama mwili mzima hadi samaki akitazamwa kutoka juu anafanana na nanasi. Hizo zinatoka ndani ya mwili, na mara nyingi ukiziona umeshachelewa kidogo.

Ngozi ya samaki nayo inahitaji kueleweka, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Gamba halikubandikwa juu ya ngozi kama kigae cha paa. Limepandwa ndani ya ngozi, kwenye kifuko chake, na juu yake kuna ngozi nyembamba sana iliyopakwa ute. Gamba likitoka, ngozi imechanika na mlango uko wazi: maji yanaingia mwilini, chumvi za mwili zinatoka. Seli za ukingoni huanza kuteleza kuziba pengo ndani ya saa chache, na kwenye maji ya joto kidonda kidogo huwa kimepata utando ndani ya siku moja au mbili. Utando huo ni mweupe wa kijivujivu. Mwenye tangi anauona siku ya pili, anasema ukungu umeingia, anakimbilia dawa. Anachokitazama ni ngozi mpya. Utando wa kupona umelala juu ya kidonda kama plastiki nyembamba na hautikisiki maji yakipita. Ukungu una nywele, na nywele hupepea.

Kingo na pande

Pezi lililochanika kwa ajali lina mpasuko ulionyooka, unaofuata njia kati ya miale miwili (vijiti vinavyoshikilia pezi), au lina pengo la nusu duara kama biskuti iliyong'atwa. Rangi ya pezi inaendelea hadi ukingoni kabisa. Pezi linaloza huanza kuliwa utando ulio kati ya miale, miale inabaki imechomoza kama njiti za fagio, na ukingo una weupe mzito kama tui, mara nyingine na uzi mwembamba wa damu nyuma yake. Kuoza hushika mapezi zaidi ya moja na husogea kuelekea mwilini. Ukifika kwenye shina la pezi, hakuna kuota tena.

Sasa mtego. Pezi linalopona nalo huwa na ukingo usio na rangi, na wengi wamelitibu pezi lililokuwa linajiotea vizuri. Chukua tochi, iwashe nyuma ya samaki upande wa pili wa tangi. Pezi jipya ni kama kioo, mwanga unapita. Ukingo unaooza ni kama maziwa, unauzuia mwanga.

Kuhusu pande, ajali kwa kawaida hupiga upande mmoja. Jicho moja likitokeza nje au kupata utando mweupe juu yake, shuku jiwe, wavu au mwenzake. Macho yote mawili yakitokeza, tatizo liko mwilini, mara nyingi maambukizi ya bakteria au figo kushindwa kutoa maji. Macho yote mawili yakiwa na utando mweupe lakini hayakutokeza, rudi kwenye vipimo vya maji.

Siklidi, jamii ya samaki wagomvi ambamo wamo Tropheus na mbuna wa Ziwa Nyasa, wana namna yao ya kukueleza kilichotokea. Samaki aliyekimbia hujeruhiwa nyuma: mkia umenyofolewa, magamba yametoka nusu ya nyuma ya mwili, pande zote mbili, kwa sababu mfukuzaji anamfuata. Mbuna aliyeonewa utamkuta kwenye pembe ya juu ya tangi, nyuma ya hita au bomba la filta, kichwa kimeelekea juu. Samaki aliyesimama kupigana hujeruhiwa usoni. Madume ya Tropheus na ya mbuna hung'atana midomo na kuvutana, na matokeo yake ni mdomo uliochubuka, wenye wekundu, mara nyingine taya limepinda. Ukiona mdomo wa namna hiyo na mwenzake ana alama zinazofanana, umepata jibu. Ukiona mdomo mweupe wenye manyoya, endelea kusoma, maana hiyo ndiyo sehemu ya kutokosea.

Weupe kama pamba

Vitu viwili tofauti kabisa hufanana na pamba. Cha kwanza ni ukungu wa maji, Saprolegnia na jamaa zake. Huu hupenda nyama iliyokufa, kwa hiyo karibu kila mara huja juu ya jeraha lililokuwepo tayari. Nywele zake ni ndefu, zimetengana, utaziona zikipepea kama sufi. Akitolewa majini zinalala na kuwa bonge la utelezi. Hukua kwa siku kadhaa. Ukiuona, maana yake samaki alijeruhiwa kwanza, na kazi yako ni mbili: kuutibu ukungu na kumtafuta aliyemjeruhi.

Cha pili ni kolumnarisi, bakteria anayeitwa Flavobacterium columnare. Watu humwita ukungu wa mdomo, na jina hilo limeua samaki wengi kwa sababu dawa za ukungu hazimwezi. Weupe wake ni mfupi, umebana, una rangi ya kijivu au manjano hafifu pembeni, na umekaa kama vumbi la chaki lililolowa. Hushika mdomo, kingo za mapezi, matamvua, na mara nyingi huweka doa la rangi iliyopauka kuvuka mgongo chini ya pezi la juu, mfano wa tandiko la punda. Ukiona tandiko, usitafute ushahidi mwingine. Kwenye maji ya nyuzijoto 28 hadi 30, aina kali zake huua ndani ya siku moja au mbili, na samaki wa pili atafuata kabla hujamaliza kubishana kundini.

Na hapa ndipo kukosea jina kunapogharimu. Ugonjwa wa madoa meupe, ule unaofanana na chumvi iliyonyunyiziwa mwilini, hutibiwa pamoja na kupandisha joto hadi nyuzi 29 au 30. Mdudu wake, Ichthyophthirius, hauawi akiwa amejificha chini ya ngozi, ila anapotoka kuogelea, na joto humharakisha kutoka. Ukipandisha joto namna hiyo kwa samaki mwenye kolumnarisi umemwagia petroli moto. Kolumnarisi unashusha joto taratibu hadi kama nyuzi 24 kama tangi lako linaruhusu, unaongeza hewa, na mgonjwa unamtenga saa hiyo hiyo.

Kuhusu antibayotiki, wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua unga wa tetrasaikilini wa kuku na kuumimina tangini. Kwenye maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magineziamu nyingi, dawa hiyo hushikamana na madini hayo na nguvu yake nyingi hupotea kabla haijamfikia samaki. Maji ya mbuna na ya samaki wa Tanganyika ni magumu kwa asili. Unabaki na maji yenye rangi ya chai, filta iliyodhoofika na samaki yule yule. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu dawa ya kuchanganya kwenye chakula, mgonjwa akiwa bado anakula.

Magonjwa yanayovaa sura ya jeraha

Samaki anayewashwa hujisugua kwenye mawe hadi magamba yanatoka. Ukimtazama ana majeraha ya kweli, lakini chanzo ni vimelea. Michubuko ya namna hii huwa sehemu zilizotokeza zaidi, yaani pembe ya ubavu na vifuniko vya matamvua, na mara nyingi wapo samaki watatu wanne wenye alama hizo hizo. Kaa mbele ya tangi robo saa bila kusogea, hesabu. Samaki kujisugua mara moja mbili si kitu. Samaki tofauti kurudia tena na tena ni minyoo bapa ya matamvua au ya ngozi, madoa meupe ambayo bado hayajaonekana, au vumbi la dhahabu, ugonjwa unaoonekana tu ukizima taa zote na kumulika tochi kwa mshazari: mwili unametameta kama umepakwa unga wa shaba.

Uzi mweupe uliochomoza kwenye alama nyekundu, urefu wa sentimita moja hivi, ni Lernaea, mdudu nanga. Watu hudhani ni gamba lililoning'inia. Kitu bapa cha mviringo, kinachokaribia kupenyeza mwanga, ukubwa wa mbegu ya ufuta au zaidi kidogo, na kinachohama mahali, ni chawa wa samaki. Wote wawili huletwa sana na koi na samaki dhahabu waliotoka kwenye mabwawa.

Kidonda cha bakteria aina ya Aeromonas nacho hufanana na kung'atwa, ila kina umbo la shabaha: katikati nyama nyekundu, kisha duara jeupe, kisha duara jekundu nje. Kilianza bila tukio, kama gamba moja lililonyanyuka na wekundu chini yake. Jeraha la kawaida haliwi na duara zilizopangika hivyo.

Siklidi wakubwa kama oska hupata vishimo kichwani. Vikiwa pande zote mbili za uso kwa kulingana, hiyo ni hali ya kichwa kutoboka, inayohusishwa na vimelea vya tumboni, lishe duni na maji machafu. Jiwe halipigi kwa ulinganifu.

Na yapo yasiyo jeraha wala ugonjwa. Dume la samaki dhahabu likikomaa huota chembe nyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mwale wa mbele wa mapezi ya kifuani. Ni pambo la kuoana, na wengi hulitibu kama madoa meupe. Madoa ya manjano kwenye pezi la chini la mbuna dume ni alama zinazofanana na mayai, ni maumbile yake. Samaki dhahabu akipata mabaka meusi wiki moja baada ya amonia kupanda, weusi huo ni ngozi inayopona. Na jike la mbuna aliyevimba kidevu, aliyegoma kula siku kumi, anayejitenga: huyo ana mayai au watoto mdomoni. Atakaa hivyo wiki tatu hivi, Tropheus karibu wiki nne. Tafadhali usimmwagie dawa mama wa watu.

Mtafute aliyefanya

Ukishasema ni jeraha, kisababishi bado kimo tangini. Tazama umbo. Doa lililopauka la mstari ulionyooka au la pembe nne, upande mmoja au tumboni, ni kuungua kwa hita. Humpata sana pleko, kambare mwenye mdomo wa kunyonya, na samaki wengine wanaopenda kujiegemeza. Hita ivalishwe kikinga. Dar es Salaam na Mombasa wengi hawaihitaji kabisa, lakini Nairobi, Arusha au Mbeya mwezi wa Julai huwezi kuikwepa. Michubuko ya mviringo, kama imepigwa muhuri, kwenye ubavu wa samaki dhahabu au samaki mwingine mpole ni pleko anayemnyonya ute usiku. Jike aliyechubuka karibu na tundu la mayai amefukuzwa na madume. Kichwa kilichochubuka juu ni samaki aliyeruka akagonga mfuniko, au alishtuka taa ilipowaka ghafla.

Umeme una mchango wake. Ukikatika usiku na kurudi saa tisa, taa inawaka kwa kishindo na samaki wanajibamiza. Filta ya mkebe, ile iliyofungwa nje ya tangi, ikisimama saa nyingi kwenye maji ya joto nayo ni hatari: bakteria wake wanakosa hewa, na umeme ukirudi inasukuma maji machafu tangini. Weka taa kwenye swichi ya mkono isiyojirudia yenyewe, na filta iliyosimama tangu jioni ifungue, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uiwashe.

Wavu pia. Ngogo wa jamii ya Synodontis akinaswa wavuni husimamisha miiba yake na kuifunga, na kumvuta ni kumrarua. Usimvute. Kata wavu kwa mkasi, wavu ni bei rahisi. Kwa samaki wa aina hii tumia chombo cha plastiki, umwongoze aingie mwenyewe.

Kwa mbuna, kisababishi kwa kawaida ni dume mmoja na hesabu mbaya: madume mawili na majike mawili ndani ya lita 100 ni ugomvi uliopangwa. Dume mmoja kwa majike watatu au wanne, mawe mengi yenye njia mbili za kutokea. Tropheus huwekwa kundi kubwa, kumi na mbili kwenda juu, ili hasira za mkubwa zigawanyike.

Beseni la mgonjwa

Kumtibu samaki mmoja ndani ya tangi kubwa ni kuwatibu wote pamoja na filta. Chukua beseni au ndoo ya plastiki ya lita 20 ambayo haijawahi kushika sabuni. Weka maji ya tangi lenyewe, pampu ya hewa, sponji iliyokuwa ikikaa ndani ya filta kuu, na kipande cha bomba la PVC cha kujificha. Hakuna mchanga, hakuna mawe. Funika juu kwa wavu, na kitambaa upande mmoja ili apate giza. Badilisha lita 10 kila siku kwa maji yaliyotolewa klorini. Kuacha maji ya bomba wazi kwa saa 24 hadi 48 huondoa klorini ya kawaida, lakini kama mamlaka ya maji ya kwenu hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki kwa kusubiri. Tumia dawa ya kuondolea klorini inayosema wazi kwamba inaiweza.

Chumvi gramu 2 kwa lita, yaani gramu 40 kwa beseni hilo. Pima kwa mizani ya jikoni, maana kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havina uzito mmoja. Ikoroge kwenye jagi, mimina kwa awamu tatu ndani ya saa 12. Kazi yake ni kupunguza nguvu ya maji kuingia kupitia kidonda, na pia humsumbua bakteria na ukungu kidogo. Kosa linalorudiwa mno: mtu akibadilisha lita 10 anarudisha gramu 40. Hapana, ametoa nusu ya chumvi, arudishe gramu 20. Na maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu, chumvi haikauki. Kambare na samaki wasio na magamba wape nusu ya kiasi. Mimea usiitie kabisa, itakufa.

Kidonda kirefu, kilichofika kwenye nyama, kinaweza kupakwa ayodini ya povidoni ya asilimia 10, ile ya duka la dawa. Mlaze samaki kwenye kitambaa kilicholowa maji ya beseni, mfunike macho, kichwa kiwe juu kidogo kuliko mkia ili dawa isitiririke kuelekea matamvua. Futa kidonda kwa pamba ya masikioni, gusa kwa pamba nyingine yenye dawa, mrudishe. Nusu dakika, isizidi dakika moja. Mara moja kwa siku, siku mbili au tatu, basi; ukiendelea unaunguza ngozi mpya inayojaribu kufunga. Karibu na jicho au matamvua usiguse.

Samaki mkubwa anayerukaruka atajiumiza zaidi mkononi mwako kuliko alivyoumizwa tangini. Hapo ndipo mafuta ya karafuu yanapofaa, hayo hayo ya Pemba na Unguja. Tia tone kwenye chupa ndogo ya maji vuguvugu, tikisa kwa nguvu hadi yawe meupe kama maziwa, kisha mimina kwenye chombo chenye maji ya beseni lake. Anza na nusu tone kwa lita, na kipimo cha mwisho ni tone moja kwa lita. Akianza kulala ubavu na hapigi tena mkia, fanya kazi yako haraka, mrudishe kwenye maji safi yenye hewa nyingi. Vifuniko vya matamvua vikisimama, msogeze mbele taratibu majini mdomo ukiwa wazi, maji yapite hadi aanze kuhema mwenyewe.

Dawa ya buluu, methilini, ina nafasi yake humu besenini kama ukungu wenye nywele umeshaonekana. Ila itoe ile sponji kwanza, maana itawaua bakteria wake, na kuanzia hapo kubadilisha maji kila siku si hiari tena.

Mpe chakula kidogo mara moja kwa siku, ondoa mabaki baada ya dakika tano. Mpasuko wa pezi huungana ndani ya wiki moja hadi mbili. Magamba huchukua wiki kadhaa kurudi, na mara nyingine hurudi na rangi tofauti. Si kosa lako. Kidonda cha nyama kinaweza kuchukua mwezi na zaidi. Kidonda ambacho kilikuwa kinafunga kisha siku ya tano kikaanza kupanuka kimeingiliwa, kwa hiyo rudi kwenye kuhesabu magamba na uanze upya kujiuliza.

Kumrudisha tangini nako kuna namna yake. Ukimrudisha mchana, mahali pale pale, yule dume atamalizia kazi. Siku ya kumrudisha, panga mawe upya yote, ili kila mmoja awe mgeni na asiwepo mwenye kiwanja. Kama mkorofi anajulikana, mtoe yeye akae besenini siku tatu nne, arudi akiwa wa mwisho. Lisha tangi jioni washibe, zima taa, subiri saa moja, kisha mwachie mgonjwa wako gizani upande ulio mbali na filta.